Yule jaji wa jana aondolewe kwenye shindano la bendi za hevi metali!

Wakuu, sijalala. Mnamjua ninayemsema, yule wa kiti cha katikati. Vijana wamepanda jukwaani, mpiga dramu miguu yote miwili iko kwenye pedali inakwenda kama cherehani, mwimbaji anaunguruma kutoka tumboni, mimi vinyweleo vimenisimama. Hata dakika haijaisha, jaji kanyoosha mkono, muziki ukazimwa. "Samahani, mnajaribu mitambo au ndiyo wimbo?"

MNAJARIBU MITAMBO! Mbele ya kamera! Yule dogo wa besi akainama, akawa anafuta jasho kwenye nyuzi kwa pindo la fulana, kana kwamba nyuzi ndizo zilizokosea. Nimerudia kipande hicho mara mia nne.

Eti na gitaa "halijatyuniwa". Nyuzi zimelegezwa makusudi! Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani mwaka 1965, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, baadaye akalegeza nyuzi ili vidole visimtese. Uzito wa sauti ya metali umetokea hapo. Huyu ukimpeleka baharini atauliza nani kamwaga maji.

Mnajaribu mitambo... jamani!

PedaliMbili: Umesema kweli mkuu. Wiki iliyopita alimshauri mwimbaji anywe maji ya moto, eti koo limekauka. Kuunguruma kote kule!

Mtazamaji_Tu: Mleta uzi unalia kuliko bendi yenyewe. Hata mimi nilijua wanajaribu mitambo.

Mleta uzi: Wewe na yeye tumbo moja. Ungemwona yule dogo na fulana yake usingeandika hivyo.

NyuziSaba: Jaji ana nafuu. Matangazo je? Solo ya gitaa imefika kileleni, wanatuletea sabuni!

KuraYangu: Sabuni unavumilia. Mimi nimepiga kura mpaka kidole kimekufa ganzi, bendi yangu ikatolewa usiku uleule, wakabaki wenye sura nzuri. Lordi, bendi ya Finland, walibeba shindano la nyimbo la Eurovision 2006 kwa pointi 292 wamevaa vinyago vya mazimwi, nani aliwauliza sura?

PedaliMbili: Lordi si metali. Ni roki iliyovaa vinyago.

KuraYangu: Rudia hapo?

NyuziSaba: Kwa Lordi namuunga mkono Pedali.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwa jaji.

KuraYangu: Subiri kwanza. Pedali, metali ni nini kwako? Nakusubiri hapahapa.