Majirani wa Kiamunyi, Nakuru: Corolla ya Mama Shiru haina nguvu

*Ijumaa*

Mama Shiru: Hamjambo majirani. Naomba msaada kwa anayejua magari. Ile Corolla 110 yangu ya 1998, ya giaboksi ya otomatiki, imekuwa nzito sana. Nikiondoka kwenye D, ile ya kwenda mbele kawaida, injini inanguruma, gari linajikokota, hadi lipate kasi ndiyo linatulia. Jana nikipanda upande wa Menengai hata tuktuk ilinipita. Fundi mmoja mjini ameliendesha kidogo tu akasema giaboksi imekufa, nitafute nyingine ya mtumba, 45,000 na kazi kando. Hiyo ni karo ya Shiru jamani.

Baba Kip: Pole sana Mama Shiru. Bei hiyo ni kali.

Fundi Odhis: Mama Shiru, usitoe hata shilingi kwanza. Huyo fundi alichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi? Alisoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo komputa ya gari huhifadhi?

Mama Shiru: Hata boneti hakufungua.

Fundi Odhis: Basi hajapima kitu. Nijibu haya matatu. Rivasi inashika? Ukiweka L, ile ya gia ndogo ya mlimani, linaondoka vipi? Na ile taa ya O/D OFF (ya gia ya juu, overdrive) kwenye dashibodi, inamweka?

Mama Shiru: Rivasi inashika saa hiyo hiyo. Ngoja nijaribu L hapa kwa geti.

Mama Shiru: Odhis!! Kwa L linaondoka na nguvu zake zote. Na taa ndiyo, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Fundi Odhis: Umenipa habari njema mama. Klachi inayopeleka gari mbele kwenye D ndiyo hiyo hiyo inayofanya kazi kwenye L. Ingekuwa imeungua, L nayo ingeteleza. Rivasi ikishika haraka, pampu inatoa presha. Kwa hivyo giaboksi iko hai, ninachoshuku ni umeme. Ndani kuna solenoidi mbili, yaani vali za umeme za kubadilisha gia. Namba 1 ikikosa umeme, kwenye D hupati gia ya kwanza wala ya pili, gari linaondokea ya tatu. Ndiyo maana mlimani linakufa na barabara kuu linakaa sawa.

Baba Kip: Lakini si aanze na kubadilisha mafuta? Ingawa pia nimesikia ya zamani yasiguswe, eti ukibadilisha giaboksi inateleza.

Fundi Odhis: Hilo lina chanzo chake Baba Kip. Klachi zikiisha, unga wake unabaki kwenye mafuta na inasemekana unasaidia kidogo kushika. Ukiyatoa yote kwa mashine, utelezi unaonekana, watu wanalaumu mafuta mapya. Kumbe klachi ziliisha zamani. Kwa hivyo tunaangalia kwanza. Mama Shiru, likiwa limepata moto, liegeshe mahali tambarare, injini ikiwa imewashwa, kanyaga breki, pitisha liva taratibu P mpaka L, rudisha P. Chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena. Soma alama za HOT. Usipime injini ikiwa imezimwa, utadanganyika.

Mama Shiru: 📷 Kiwango kiko katikati ya alama. Rangi ni ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Harufu ya kuungua sisikii.

Fundi Odhis: Yamechoka lakini hayajaungua. Na si ya waridi yenye maziwa, hiyo ingekuwa maji ya redieta yameingia. Niletee kesho.

Mwalimu: Kama ni hatari kuliendesha, kijana wangu anaweza kulivuta kwa kamba na pikapu.

Fundi Odhis: La, Mwalimu, tafadhali msilivute kwa kamba! Corolla hii inavutwa na magurudumu ya mbele, na pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizima na magurudumu ya mbele yakizunguka, ndani kunasuguana pakavu. Hapo ndipo tutaiua kweli. Aliendeshe polepole, akiondoka atumie L, likichanganya aweke D.

Mwalimu: Nimeelewa. Sikujua hilo.

*Jumamosi*

Fundi Odhis: Majirani, ripoti. Nimeunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kisanduku cha kusomea kodi chini ya boneti, swichi iko ON, injini haijawashwa. Taa ya O/D imemweka mara 6, ikatulia, mara 2. Kodi 62, solenoidi namba 1.

Mama Shiru: Kwa hivyo ninunue solenoidi?

Fundi Odhis: Bado. 62 inashtaki saketi nzima, yaani njia yote ya umeme, na waya ni sehemu ya saketi. Napima.

Baba Kip: Niko hapa naye, anapima na mita. Huyu kijana hana haraka, nimempenda.

Fundi Odhis: Kwenye plagi ya giaboksi napata omu 13, hicho ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Inatakiwa 11 hadi 15, kwa hivyo solenoidi ni nzima. Nikipima kutoka upande wa komputa sipati kitu. Waya umekatika katikati.

Fundi Odhis: 📷 Huyu hapa. Chini ya trei ya betri. Asidi imedondoka ikala waya mpaka shaba imegeuka kijani.

Mama Shiru: Huo waya mwembamba hivyo??? Wa 45,000?

Fundi Odhis: Ndio huo mama. Nimekata sehemu iliyooza, nimeunga waya mpya kwa kulehemu, nimefunika na kupitisha mbali na betri. Nimetoa fyuzi ya EFI, ya komputa ya injini, kidogo kufuta kodi. Taa imetulia.

Fundi Odhis: Kwa kuwa tuko hapa nimefungua sampu pia, yaani bakuli la mafuta chini ya giaboksi. Kwenye sumaku kuna tope laini la kijivu tu, hakuna vipande vya chuma. Nimesafisha chujio, gasketi mpya, nimerudisha mafuta ya giaboksi ya Dexron lita 3 hivi. Mafuta mengine ya zamani yamebaki kwenye torki konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, tutarudia baadaye bila kulazimisha. Yote 7,800 na kazi.

Mama Shiru: Nimelipeleka mpaka juu Menengai sasa hivi. Linaondoka na gia ya kwanza, nazisikia zikibadilika moja moja!! Odhis, Mungu akubariki. Karo imebaki nyumbani.

Baba Kip: 👏👏 Na betri?

Fundi Odhis: Inavuja kwenye nguzo, ibadilishwe mwisho wa mwezi, la sivyo itakula waya mwingine.

Mwalimu: Odhis, Toyota Fielder yangu nayo inasitasita. Nimwage Dexron mpya?

Fundi Odhis: Mwalimu ngoja! Yako ni ya CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua? Hiyo ina mkanda na mafuta yake ya pekee. Usitie Dexron hata kikombe. Nitapita kwako jioni na mashine ya kodi.