Tovuti za kutengeneza GIF "bure" zimenimalizia bando, hivi hawa watu wana utani na nani?

Wakuu, hasira nilizonazo acheni tu. Modi akitaka kuuhamisha uzi auhamishe, ila kwanza nimalize.

Nauza mikoba ya kitenge Kariakoo. Wateja wangu wengi wananiona kwenye status. Picha iliyotulia wanaipita, inayocheza (ndiyo hiyo GIF) wanasimama na kuuliza bei. Basi jana usiku nikauweka mkoba mezani, nikaupiga picha 12: umefungwa, zipu nusu, mdomo wazi, bitana ya njano inachungulia, kisha unajifunga tena. Dakika kumi tu, nikajiona fundi. Nikaingia kwenye tovuti moja, jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Simu yangu inatoa picha za kama MB 4. Zikiwa 12 ni MB 48. Nikazichagua zote, ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa. 20. 55. Nikaenda kuoga, narudi uko 97. Ukagonga 100, nimeshaanza kutabasamu, likatokea boksi jekundu: hitilafu imetokea, jaribu tena.

Hitilafu gani? Hawasemi. Na mimi bila akili nikajaribu tena. Nikarudia na ya tatu. Ndipo nikateremka hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye vile viandishi vya kijivu kama vya mkataba wa mkopo, nikakuta imeandikwa jumla isizidi MB 35. Hesabu wenyewe: 48 mara tatu ni 144. Nimelipia MB 144 ili niambiwe "jaribu tena".

Sasa hapa ndipo wananiudhi kwelikweli. Kivinjari kinajua ukubwa wa faili palepale unapolichagua, hata kabla baiti moja haijaondoka kwenye mashine. Kunionya pale ni kazi ndogo mno. Tena kinaweza hata kuipunguza picha humohumo ndani, ndipo iende. Picha ya simu yangu ina pikseli 4000 kwa 3000. GIF yenyewe nataka iwe na upana wa 480, yaani pikseli zinapungua karibu mara 70. Wananilipisha nauli ya lori zima la mchanga, wao wanahitaji ndoo.

Nikaamua kuomba simu ya dada, ni iPhone, nipige upya. Hizo zikakataliwa mlangoni: faili halitambuliki. Kumbe ni HEIC, aina ya faili ambayo iPhone zimekuwa zikihifadhia picha tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kuna mjuaji akaniambia nibadilishe tu herufi za mwisho za jina la faili ziwe jpg. Wapi! Ni kumvalisha mbuzi kanga. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya kamera, upande wa Formats, uchague Most Compatible, halafu upige upya. Nimepiga upya saa sita usiku, na mkoba wenyewe umeshaanza kunichosha kuutazama.

Halafu nikaona kuna kitufe cha kupiga kwa kamera ya laptopu. Nikasema heri hii, sipakii chochote kikubwa. Ikaomba ruhusa, nikairuhusu. Boksi jeusi. Kamera haikupatikana. Haikupatikana vipi na taa yake inawaka, inanitazama usoni? Nimehangaika nusu saa, nikazima nikawasha, wapi. Kumbe programu ya kikao cha mchana haikufungwa, ilikuwa imejibanza kule chini karibu na saa, imeikumbatia kamera. Kwenye Windows mara nyingi programu moja ikishaishika, nyingine inaambulia giza. Nikaiua, picha ikaja. Ujumbe wa "huenda programu nyingine inaitumia kamera" ungewagharimu nini?

(Na wewe uliyewahi kubonyeza Zuia kwa haraka: kivinjari hakisahau. Bonyeza ile alama iliyo kando ya anwani, urudishe ruhusa ya kamera, kisha fungua ukurasa upya. Tovuti ambayo anwani yake haina https, hapo hata usijisumbue, kamera haitafunguka.)

GIF ikatoka saa nane kasoro. Rangi za kitenge zimekwajuka, zina vidoadoa. Hilo siwalaumu, GIF ni ya mwaka 1987 na kila fremu, yaani kila picha ndani yake, inabeba rangi 256 tu, kitenge changu kinaonewa. Ninachowalaumu ni jina la tovuti yao kupita katikati ya mkoba, kubwa kuliko zipu! Kuliondoa ni dola 9 kwa mwezi. Mkoba wenyewe faida yake haifiki hapo. Mlishindwa kuniambia mwanzo?

Nimesikia GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, inafanya kazi hii bila intaneti: unafungua picha zote kama matabaka, ukitoa GIF unaweka tiki kwenye animation. Aliyeizoea anisaidie, kila fremu mnaipa milisekunde ngapi ili zipu ionekane inafunguka taratibu? Jibuni kwa maandishi, tafadhali. Nimebakiwa na MB 60, msinitumie video.