Barua ya kaunsili: "oppose" na "object"

Mama Tukuyu, Leicester:
Wapendwa habari zenu. Nimeletewa barua na kaunsili (halmashauri ya huku Uingereza), jirani anataka kuongeza nyumba kwa nyuma, iwe ya ghorofa, humo ndani wameandika "two-storey as opposed to single-storey" nikasema aah kumbe kuna mtu kashapinga, sasa na mimi niandike au nimwachie huyo? Maana likijengwa, jikoni kwangu jua ndo basi tena.

Mnyalu wa Leeds:
Kamwene dada. Hapo hakuna aliyepinga. "As opposed to" ni "siyo" tu, yaani anapandisha juu, siyo chini peke yake. Mtu akikaa kilabuni Mafinga akasema nipe ulanzi siyo togwa, hajagombana na togwa.

Ukitaka kupinga andika "I object to this application", hiyo "to" usiiache. Ukichagua "oppose" basi "to" itoe, "against" nayo itoe (sisi hiyo "oppose against" tunaipenda sana sijui kwa nini), ni "I oppose this application" basi. Ila "I am opposed to" inarudi na "to" yake, Kiingereza nacho kina visa.

Kubwa ni sababu zako. Jua kuzibwa, dirisha lao kuchungulia chumbani kwako, parking, hayo wanayapima. Usiandike nyumba yangu itashuka bei au sitaona tena ule mti mzuri, hayo hawahesabu. Na usimseme jirani, maoni yanawekwa kwenye tovuti yao, atayasoma. Kawaida wanatoa siku 21, angalia tarehe kwenye barua.

Mwalimu, Uyole:
Naongezea kidogo. Ukiwapigia simu, "object" ya kupinga mkazo uweke mwisho, ukiuweka mwanzo umesema "kitu". "Opposing team" ndo Prisons kwa Mbeya City pale Sokoine, na "unopposed" mnaijua wenyewe, kupita bila kupingwa, tumeyaona 2019 kwenye serikali za mitaa.

Mama Tukuyu:
Ndaga fijo. Sasa huyu jirani ananisalimiaga kila asubuhi, si itakuwa aibu?

Mnyalu wa Leeds:
Mfuate kabla hujatuma umwambie mwenyewe, pengine atakubali kupunguza. Asipoelewa tuma kabla ya tarehe, mkija kupatana baadaye unaandika tena kwamba umeondoa pingamizi.