Mkeka wa ukindu, kiondo, kikapu cha milulu au kikoi: pesa inamfikia nani?

Binti_Kisauni
Wakuu habari zenu. Nipo Hamburg, nina meza ndogo sokoni, nauza viungo na kahawa. Nataka kuongeza kazi za mikono za kwetu, lakini mtaji wenyewe mdogo, siwezi kuchukua kila kitu. Nimebaki na vinne: mikeka ya ukindu ya Pemba, vikapu vya milulu vya Iringa, viondo vya Ukambani na vikoi vilivyofumwa kwa mkono. Wenye uzoefu nilinganishieni. Kipi kinasafirika, na kipi pesa yake inamfikia aliyekaa chini akasuka? Kila nikiuliza naambiwa "nunua kwa mama mwenyewe". Mama yupi?

MwanaWete
Swali lako zuri, dada. Mkeka kwetu haufanywi na mtu mmoja. Yupo anayekata makuti machanga ya mkindu kabla hayajafunguka, akayaanika. Yupo mama wa shamba anayechana chane, vile vipande vyembamba vya majani, na kusuka ukili, yaani ukanda mrefu mwembamba. Huyo anasuka akipiga soga na jirani, anasuka akichunga mpunga usiliwe na kuku, mkono hausimami. Ukili ukiwa mrefu wa kutosha anaupima kwa pima, mikono miwili imenyooshwa, anauza. Ndipo anakuja mshonaji, anauunganisha ubavu kwa ubavu mpaka unakuwa mkeka.

Sasa ukishuka mjini ukamkuta bibi barazani na mkeka wake, ukamlipa vizuri bila kumbania, umemlipa mshonaji. Aliyesuka alishalipwa zamani, kwa pima, na bei ya pima haipandi kwa sababu wewe una roho nzuri. Ukitaka pesa iteremke mpaka shamba, nunua ukili. Panga bei ya pima na wasukaji wenyewe, kisha mtafute mshonaji umlipe ushonaji wake mbali. Ni usumbufu, sikatai.

Na rangi usisahau. Chane huchemshwa na rangi ya unga kabla ya kusukwa, wengine wakiwa na haraka hawachemshi vya kutosha. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, usugue mkeka. Kikitoka chekundu, kanzu ya mtu itatoka hivyo hivyo akishasali.

Mutomo254
Kiondo ni hadithi nyingine. Mama mmoja anaanza kitakoni, anamaliza mdomoni, na nyuzi anazisokota mwenyewe juu ya paja. Siku hizi ni katani zaidi, zamani nyuzi za gome la mbuyu zilikuwa nyingi. Kwa hiyo ukinunua kwa mama, umenunua kwa msukaji kweli.

Shida iko kwenye ngozi. Kiondo kitupu bei yake ni ya kusikitisha. Kikifika town, fundi akiweka mikanda, bitana na zipu, bei inaruka, na tofauti yote inabaki town. Mimi ningechukua vitupu na kumlipa mama zaidi. Mteja wa huko anaweka maua au nguo chafu ndani, mikanda ya nini?

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 tulisema sasa viondo vimerudi. Wapi! Soko likajaa ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, na mama zetu wakabaki na watalii.

Mlandege
@Mutomo254 huku Tanzania vivyo hivyo, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019. Watu walibeba vikapu miezi miwili mitatu kisha basi.

Kuhusu milulu: kikapu ni kigumu, kinasimama chenyewe, Wazungu wanakipenda. Mama wa Kihehe mara nyingi anavuna milulu bondeni mwenyewe, kwa hiyo mikono ya katikati ni michache kuliko ya mkeka. Ila kwenye mzigo unalipia hewa. Agiza saizi tofauti ili viingiane.

Fundi_Mtande
Mmesahau kikoi, nami ndiko niliko. Kwa kusafiri hakina mpinzani: chepesi, hakivunjiki, sanduku moja linabeba vingi. Kwa hiyo kila mtu anakikimbilia, na hapo ndipo unapigwa.

Utaambiwa angalia matamvua, yakiwa yamesokotwa kwa mkono basi kikoi ni cha mkono. Si kweli. Kitambaa cha mashine nacho hupelekwa kwa kina mama wakisokote matamvua kwa malipo ya kila kipande. Angalia kando za kitambaa: cha mkono hazinyooki kama rula, na mshindio, yaani nyuzi zinazopita mkingamo, umebana hapa, umelegea kidogo pale. Afadhali zaidi, nenda ukamwone mfumi kwenye kitanda chake cha kufumia. Na ukifika usimuulize bei ya kikoi, muulize yeye analipwaje, maana wafumi wengi ni waajiriwa. Kikoi kikiuzwa ghali Hamburg, ujira wake ni ule ule.

Jina lenyewe nusura litutoke. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili "kikoy" kama alama yake ya biashara kule kwao. Kelele zikapigwa Kenya na Uingereza, pingamizi likawekwa, ombi likafa. Na ufumaji pwani hii si wa jana: Ibn Battuta alipita Mogadishu mwaka 1331 akakuta vitambaa vya pale vinapelekwa mpaka Misri.

Mama_Daftari
Hakuna aliyetaja vikundi. Vipo vizuri na vipo ambavyo mwenyekiti ndiye mnunuzi, ndiye mpanga bei, ndiye msafirishaji. Ukifika omba daftari. Kikundi cha kweli kila kikapu kina jina la aliyesuka, uzito au saizi, na alichopokea, na wanachama wanalisoma bila kuomba ruhusa. Wakianza kukuletea soda na ngoma kabla ya daftari, kunywa soda uondoke.

Binti_Kisauni
Asanteni sana. Naelekea kwenye ukili na viondo vitupu. Lakini wateja wangu wanaulizia kijivu na nyeupe tu, hawataki nakshi. Niagize wanavyotaka?

MwanaWete
Agiza nusu. Kijivu kitakulipia meza, lakini msichana akisuka ukili mtupu mwaka mzima, nakshi za bibi yake atazijulia wapi? Hazikuandikwa popote, zinahesabiwa kwa chane, vidoleni. Nusu nyingine waambie wasuke wanazozijua wenyewe, usiwatumie picha kutoka kwenye simu. Na nakshi ilipe zaidi kwa kila pima, kwa sababu inachelewesha mkono.

Mutomo254
Na utume pesa ya katani kwanza, mama asikope kwa mchuuzi. Akikopa, viondo ni vya mchuuzi hata kabla havijaisha. Usiagize mzigo wa Krismasi mwezi wa kumi na moja, mvua zikinyesha watu wako shambani. Agiza wa nane.

MwanaWete
Mkeka uviringishe, usiukunje kama shuka, ukindu utavunjika kwenye mkunjo. Nitawauliza shangazi zangu bei ya pima kwa sasa, nikuandikie inbox.