Jeki inayoshuka yenyewe: tupeane uzoefu wa kuitengeneza au kuiaga

Mleta mada:
Wanajamvi, wiki iliyopita jeki yangu ya chupa ya tani 5 ilianza kushuka polepole chini ya Hiace, nami nikanusurika kwa sababu tu nilikuwa nimeweka stendi ya kushikilia gari. Nilipoifungua nilikuta kosa ni langu mwenyewe: niliwahi kuijazia mafuta ya breki, na sili zake za mpira, zile zinazozuia mafuta yasivuje, zilikuwa zimevimba na kulainika hadi zinakwanguka kwa ukucha. Naomba tupeane uzoefu wa lini fundi atengeneze na lini aache.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, mkuu. Kabla ya kununua sili, mimi huanza na yasiyo na gharama: hulegeza skrubu ya kushushia, nikapampu harakaharaka mara kumi na kitu ili hewa itoke, kisha nikaangalia kiwango cha mafuta ya haidroliki pistoni ikiwa chini kabisa, kwani ukijaza ikiwa juu, mafuta yatazidi na yatatafuta pa kutokea utakapoishusha. Mara nyingi nimekuta chembe ya uchafu tu, imekaa pale gololi ya valvu inapoziba.

Mchangiaji wa pili:
Pistoni ikishachubuka au kupinda, sili mpya ni hasara, maana mchubuko utazila tena. Niliwahi kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu jeki ya namna hiyo bila kuikata, na baada ya miezi miwili nikaikuta gereji ya jirani, imepakwa rangi nyekundu, iko chini ya gari. Niliitambua kwa alama ya msumeno niliyoitia kwenye kitako. Siku hizi huifungua yote, nikamwaga mafuta kwenye dumu na kupangusa kila kipande, ndipo nikaikata pistoni kwa grenda. Jeki iliyofungwa ikiwa na mafuta ndani sithubutu kuisogezea gesi ya kukatia, kwa sababu inaweza kulipuka.

Mleta mada:
Na haya yangu yaliyochanganyika na ya breki, niyamimine kwenye pipa la oili chafu ya injini?

Mchangiaji wa pili:
Hapana, mkuu. Yatie kwenye dumu lake peke yake, uliandike, na umweleze mkusanyaji kilichomo kabla hajalipakia, kwani mafuta ya breki yataharibu pipa zima la oili ambayo ingeweza kusafishwa ikatumika tena.