Fundi cherehani kanisani: nikiwatoza waumini wenzangu, nimeuza talanta?

SindanoNaUzi (Nairobi)

Habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu huku Umoja, mwaka wa kumi na moja sasa. Ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale mnaotuita Wamormoni. Tangu 2018 tumehimizwa sana tutumie jina kamili, ila najua jina refu hivyo wengine mngelipita bila kusoma.

Nianze na gauni. Mwaka juzi mtoto wa miaka minane katika kata yetu, yaani kusanyiko letu, alizamishwa mara tatu siku ya ubatizo wake. Kwetu lazima mwili wote uzame, nywele na nguo pia. Mashahidi wawili husimama kando ya kisima cha ubatizo wakitazama, na kikibaki juu hata kipande cha nguo, inarudiwa. Gauni lenyewe lilikuwa la kuazima, kitambaa chepesi, likajaa hewa kama mwavuli. Mara ya tatu mtoto alitoka akikohoa, nguo imemganda mwilini na mama yake anamkimbilia na taulo. Wengine walikuwa wakifuta machozi. Mimi safu ya pili nilikuwa nawaza pindo.

Jumatatu nikakata poplini nzito, nikatia bitana hadi chini ya magoti, na ndani ya pindo nikashonea vyuma vya kulivuta chini. Kwanza niliweka nati, zikatoa kutu, doa la kahawia kwenye nguo nyeupe, nikafumua yote. Nikajaribu sarafu za shilingi moja, nane, kila moja na kijifuko chake ili zisigongane. Mtoto aliyefuata alizama mara moja tu, gauni limetulia kama pazia. Sijashona kitu kikanifurahisha kama kile, na hakuna aliyenituma.

Shida ni kilichofuata. Sasa mimi ni "fundi wetu". Mmisionari suruali imepasuka, aitwe fundi wetu. Harusi, wasimamizi sita, fundi wetu. Hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025, watu waliokuwa wakingoja nauli ya kwenda hekalu la Johannesburg sasa wanafika kwa matatu, na kina mama wengi wakataka magauni meupe yao wenyewe ya kuvaa humo. Nilishukuru Mungu, kweli. Lakini Januari, msimu wa sare za shule, ndipo mimi hupata pesa ya mwaka, na Januari hii watu 14 wa kanisani walileta kazi katikati ya sare. Waliolipa ni 6. Mmoja alinishika bega: "Ndugu, Bwana atakulipa." Bwana sina wasiwasi naye. Mwenye kibanda ndiye anayetaka yake tarehe tano.

Fungu la kumi natoa. Jumapili ya mfungo naacha milo miwili, natoa matoleo. Baraka zangu za patriaki (mzee wa kanisa anayemwekea muumini mikono na kumtamkia baraka zake binafsi) siwezi kuziandika hapa, ila zinataja mikono yangu. Sasa nikimwambia dada wa kanisani "hiyo ni mia nne," nimeuza nilichopewa bure? Na nikikataa kazi zao, si nitakuwa yule mtumwa aliyeichimbia talanta shimo?

Imani_Kisumu

Kaka, soma Kitabu cha Mormoni, Mosia 2:17. Ukimtumikia mwenzako umemtumikia Mungu. Usihesabu sarafu. Barikiwa.

MamaWaWanne (Eldoret)

Wewe wa Mosia 2:17, hebu panda juu aya tatu, usome 2:14. Mfalme Benyamini anasema alifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe ili watu wasilemewe na kodi. Mfalme, mwenye uwezo wa kudai, ndiye aliyeogopa kuwalemea wengine. Sisi ile ya 17 tunamsomea fundi huku tumeshika suruali ya kupunguzwa.

Mwanangu fundi, nimekuwa rais wa Muungano wa Usaidizi, chama cha kina mama wa kanisa letu, miaka minne, na nakwambia kushona ndiko kulikouanzisha. Nauvoo, Marekani, 1842. Hekalu linajengwa, wajenzi wamechakaa nguo. Margaret Cook, mshonaji kama wewe, akasema angependa kuwashonea mashati lakini hana kitambaa. Sarah Kimball, mwajiri wake, akasema kitambaa nitatoa mimi. Wakawaza kukusanya majirani waunde chama cha kushona. Joseph Smith, nabii mwanzilishi wa kanisa, akawaambia ana kitu bora zaidi kwa ajili yao, na tarehe 17 Machi wanawake 20 wakakutana juu ya duka lake la matofali mekundu, Muungano ukaundwa.

Sasa nitazamie hapo. Mwenye sindano alitoa sindano. Mwenye kitambaa alitoa kitambaa. Hakuna aliyemwambia Margaret atoe sindano, uzi, kitambaa, stima na kodi ya kibanda, halafu aombewe. Katika kata yenu, Sarah ni nani? Kama hayupo, basi wewe ndiye unayefadhili kata nzima na hakuna aliyekupigia kura.

Usinielewe vibaya, wapo wasio na kitu kabisa. Hao wapeleke kwa askofu. Matoleo ya mfungo kazi yake ni hiyo.

Lubumbashi_SLC

Ndugu fundi, mimi ni mtoto wa Lubumbashi, niko Salt Lake City mwaka wa tisa, kazi yangu ni ya ghala, zamu ya usiku. Kusanyiko letu ni la Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda kidogo. Nilipofika nilikuwa mmoja wa wachache wenye Kiingereza, kwa hiyo nikaitwa kutafsiri. Niliwekewa mikono kichwani, nikapewa baraka kwa kazi ile, na kila mkutano wa kigingi (makusanyiko kadhaa pamoja) nikawa nyuma ya kipaza sauti kidogo, wazee wamevaa visikizi wananisikiliza. Baada ya miaka miwili na nusu nikapumzishwa. Jina likasomwa mbele ya watu, mikono ikainuliwa ya shukrani, nikaenda kuketi na mke wangu.

Lakini ulimi haukupumzishwa. Simu ziliendelea. Barua ya hospitali, barua ya mwenye nyumba, mtoto amepigana shuleni. Nimetoka ghalani saa kumi na mbili asubuhi, nalala, simu. Mke wangu akawa anaificha simu ndani ya ndoo ya mchele, na mimi nikawa namkasirikia mama mzee mwenye barua mkononi, mama ambaye hana kosa lolote.

Hapo ndipo naona shida yako. Wito una siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kipaji hakina. Hakuna askofu atakayesimama Jumapili aseme tunampumzisha Ndugu Fundi kwenye kushona. Kwa hiyo mlango lazima uuweke wewe mwenyewe.

Mimi niliweka Alhamisi. Saa moja jioni mpaka saa tatu, mezani kwangu, chai ya tangawizi ipo (ile ya majani ya chai kanisa letu hatunywi), leta barua zako zote. Nje ya Alhamisi ni hatari ya maisha tu. Wawili walininunia. Yule mama mzee sasa anakuja na barua zake amezipanga kwenye mfuko wa plastiki, na maandazi.

mpwani_kibokoni

Mimi si wa kanisa lenu, ni Muislamu wa Mombasa, nimevutwa na neno cherehani. Marehemu babu alikuwa fundi wa kanzu. Kumi la mwisho la Ramadhani alikuwa halali, na alitoza kila mtu. Ndugu yake wa tumbo moja alilipa. Imamu alilipa, tena kabla ya kukatiwa.

Lakini juu ya kabati palikuwa na jora la bafta nyeupe lisiloguswa kwa kazi nyingine. Ukija usiku kugonga kwa ajili ya sanda, aliamka, akashusha lile jora, akakata, akakupa. Hapokei hata ya soda. Ukimwekea pesa mezani alikurudishia na kukemea.

Watu walijua mambo hayo mawili na hakuna aliyeyachanganya. Wenzangu, naona nyinyi mnataka kila nguo iwe sanda.

Imani_Kisumu

Nimesoma 2:14. Nimenyamaza.

SindanoNaUzi (Nairobi)

Nimerudi baada ya wiki tano, mniwie radhi, sare za muhula.

Ile ya sanda ilinikalisha kitako. Nilijiuliza jora langu ni lipi, na jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo: magauni ya ubatizo. Hayo sitatoza hadi nife. Nimeshona manne kwa saizi nne, yanakaa kwenye kabati la kanisa. Kitambaa hakikutoka kwangu. Nilimweleza rais wa Muungano habari ya Sarah Kimball, akacheka, kina mama wakachanga. Mmoja alileta shuka jeupe zito la mahari yake, halijawahi kutandikwa. Nilisita kulitia mkasi. Akaniambia kata.

Askofu nilimfuata dukani kwake, maana naye anauza misumari wiki nzima na uaskofu haumlipi hata senti. Alisikiliza, akasema familia isiyo na uwezo wa sare nimtajie mama wa Muungano, watalishughulikia wao, na mimi nilipwe kama fundi mwingine yeyote. Suruali, zipu na wasimamizi wa harusi, bei iko ukutani. Wa kanisani na wa matatu, ile ile. Ndugu mmoja alikasirika akapeleka suruali kwingine. Nimeiona Jumapili. Nitanyamaza.

Jumamosi mchana nafunga kibanda kwa wateja. Wanakuja wanafunzi watatu, kina mama wawili na kijana wa miaka 16 ambaye mama yake alimleta kwa nguvu. Ndiye mwenye mkono. Jumamosi iliyopita nilimpa pindo la gauni la saizi ndogo, pamoja na sarafu nane. Lilienda upande, nikamwambia afumue. Akafumua mpaka saa kumi na mbili, akashona tena, safari hii limenyooka. Tulipopima kwenye ndoo kona moja ikaelea. Kuhesabu, sarafu ni saba. Kijana anatazama chini, mdomoni ana chembe za mandazi.