Fundi anapata wapi ujasiri wa kuniambia gari yangu niifunge PAMPASI, tena mbele ya baba mkwe?!

Mwana_Ilomba:

Wakuu, leo sisalimii mtu. Salamu nitatoa nikishapoa.

PAMPASI. Mtu mzima, ana familia, ana overoli, anasimama kwenye ua wangu mimi, hapa hapa Ilomba, Mbeya, anaiangalia injini ya Carina yangu halafu anatamka, "Bosi, poda umeshampaka, kilichobaki ni pampasi tu." Na baba mkwe yuko pale amekaa kwenye kiti. Kiti nilichomtolea mimi kwa mikono yangu kutoka sebuleni.

Jina simtaji, hana haja ya kutajwa. Kama umewahi kumiliki kitu chochote chenye matairi kuanzia Mbalizi mpaka Uyole, unamjua. Yule wa mzula, jua liwake mvua inyeshe, mzula uko kichwani. Kila gari akiletewa anatikisa kichwa kwanza, anasikitika kama dakika tatu, halafu anauliza "nani alilishika hili?" hata kama aliyelishika mara ya mwisho ni yeye. Ndiye huyo huyo.

Gari ilikuwa inavuja oili. Kila asubuhi nikiitoa naacha ziwa jeusi pale chini, kuku wa mtaa mzima wanalizunguka kwa adabu. Nikampelekea. Akabadilisha gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, akapaka silikoni utadhani anapiga plasta ukuta wa nyumba, akachukua hela. Wiki haijaisha oili ile ile, pale pale. Namrudia, ananiambia sasa ni oili sili ya nyuma ya krenki, mpira wa kuzuia oili kule injini inapoungana na giaboksi, kwa hiyo giaboksi ishuke. Giaboksi ishuke! Kwa bei aliyotaja unapata ng'ombe wa maziwa kule Rungwe, mwenye mimba, na anayemchunga juu yake.

Nikasema basi, nafanya mwenyewe nyumbani. Nikaiosha injini nzima kwa dizeli na brashi, nikaifuta ikakauka, nikainyunyizia poda ya mtoto. Na kabla hamjaanza: poda si ushamba. Injini ikiwa safi na kavu ukaipaka poda, ukaiwasha ikapata moto, oili ikianza kutoka inachora mstari kwenye ule weupe, na wewe unaufuata kwenda juu mpaka unapotokea. Oili inateremka, na upepo wa feni unaisambaza, kwa hiyo pale inapodondokea sipo inapotokea. Wenye uwezo wanachanganya dawa ya kung'aa kwenye oili na kumulika kwa taa ya zambarau. Mimi nina poda. Kazi ni ile ile.

Sasa niko pale, boneti iko juu, injini nyeupe pee, baba mkwe kaja kutoka Tukuyu na mkungu wake wa ndizi, amevuta kiti karibu, anafuatilia. Ananiuliza maswali ya maana, namjibu kwa utulivu. Naona kabisa mzee anajisemea moyoni kwamba binti yake hakupotea njia. Ndipo huyu anaingia. Hakuitwa na mtu. Eti amefuata spana yake namba 12 aliyoisahau kwenye buti. Akachungulia injini. Akatikisa kichwa. "Bosi, poda umeshampaka, kilichobaki ni pampasi tu."

Baba mkwe alicheka mpaka akaushika mti wa parachichi asianguke. Yule mzee hajacheka tangu nilipotoa mahari! Mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akarudi ndani haraka, mabega yanatikisika. Watoto wa jirani nao wakalidaka. Jioni ile ile nawasikia barabarani, "Pampasi inatoka! Pampasi imerudi!" Gari ina kadi, ina bima, inaitwa Pampasi.

Sijaja kuomba ushauri wa injini. Nauliza hivi, mtu anapata wapi ujasiri huo? Silikoni yake mimi nimeikuta ndani ya kava imening'inia vipande vipande. Vingine vimeshadondoka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, vikifika kwenye kichujio cha pampu ya oili vinaziba, oili haipandi, injini inakufa. Aliyefanya hayo ndiye wa kusimama na kutamka pampasi?

Mbele ya baba mkwe, wakuu. Mbele ya baba mkwe!

Kipara_wa_Sae:

Pole sana mkuu. Hilo la mkwe limeniuma hata mimi. Ila ungetuambia uzito wa gari tukushauri saizi.

Mwana_Ilomba:

@Kipara_wa_Sae nimesema nina hasira. Nenda ukachezee uzi mwingine.

Jiwe_la_Loleza:

Namjua! Mzula wa bluu una tobo pembeni! Noah yangu nilimpelekea ikiwa na tone moja tu, tone la heshima, unaliona asubuhi unalisahau. Akasema "niachie mpaka saa kumi jioni". Hakusema ya mwaka gani. Ilikaa kwake mpaka ndege wakataga kwenye bampa. Siku naichukua inavuja mbele, inavuja nyuma, inavuja na ubavuni. Namuuliza fundi vipi, ananijibu, "Bosi, sasa hivi angalau inavuja kwa usawa."

Mwana_Ilomba:

@Jiwe_la_Loleza umeona! Ndiye! Na wewe alikwambia hivyo mkiwa wawili tu, si ndiyo? Hapakuwa na mkwe. Mimi alisubiri mkwe awepo. Angeweza kunivuta pembeni akaninong'oneza hiyo pampasi yake, ningemeza. Hapana, akapaza sauti.

Dereva_wa_Kitonga:

Mleta uzi, machungu yako nayasikia, lakini hiyo poda ilichora wapi? Kama hiyo Carina TI ni ya injini ya 5A yenye distribyuta, kile kifaa cha kugawa umeme kwenye plagi, angalia pale distribyuta ilipochomekwa mwishoni mwa silinda hedi, upande wa giaboksi. Kuna oringi pale. Mpira wake ukikauka, oili inatoka, inateremka juu ya giaboksi, na ukiwa chini ya gari unaona pale injini inapoungana na giaboksi pamelowa chapachapa. Fundi mvivu anachungulia kutoka chini, anasema sili ya nyuma ya krenki, shusha giaboksi. Nimeona watu wameshusha giaboksi kwa ajili ya oringi ya bei ya soda.

Kabla hujalegeza bolti zake, chora alama kwenye distribyuta na kwenye hedi, irudi pale pale ilipokuwa. Ikikaa tofauti kidogo taimingi inahama, yaani plagi zinachoma wakati usio wake, na gari isiyo na taimingi mlima Kitonga haipandi, nakwambia mimi ninayepanda kila wiki.

Halafu ichomoe valvu ya PCV pale juu ya kava uitikise. Nzima utaisikia inagonga ndani. Ikiwa kimya imeziba, na ikiziba ule mvuke wa ndani ya injini unakosa pa kutokea, presha inapanda, inasukuma oili itoke kwenye kila mpira uliochoka. Utabadilisha gasketi mpaka ustaafu.

Mwana_Ilomba:

@Dereva_wa_Kitonga poda ilichora upande huo huo wa distribyuta, nitaifungua kesho asubuhi, nashukuru. Lakini mkuu, umeusoma uzi wote? Alisema PAMPASI. Mzee aliushika MTI.

Oili_Nzito:

Mnahangaika bure na oringi. Mwaga hiyo oili, weka 20W-50, itakuwa nzito haitatoka haraka. Mimi miaka yote natumia hiyo.

Dereva_wa_Kitonga:

@Oili_Nzito Mbeya hii? Mwezi wa saba asubuhi Uyole, wewe mwenyewe umevaa makoti mawili, oili nzito hivyo inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, chuma kinasagana na chuma kila ukiwasha. Na mpira uliokauka haurudi ujana kwa kubadilishiwa oili. Carina TI zilitengenezwa kuanzia 1996 mpaka 2001, sasa mpira ambao haujaguswa tangu huko umeshakuwa kama plastiki, ukiukunja unakatika.

Na hizo nati za kava usizikaze kwa hasira, mleta uzi, nakuona ulivyo. Kaza kidogo kidogo ukizunguka. Ukizidisha, kava inapinda, mpira unakamuliwa nje, inavuja zaidi ya mwanzo. Silikoni ni tone dogo kwenye zile kona za kapu za kamshafti basi, si ukutani kote.

Oili_Nzito:

Gari yangu haijawahi kudondosha hata tone na sijui hata PCV iko wapi.

Mwalimu_Mstaafu:

Wanangu, matusi hayajengi. Ila mimi pia huyo kijana wa mzula alinirudishia gari na kiti cha nyuma hakipo. Nilipompigia akaniuliza, "Mwalimu, kwani unabebaga watu?"

Kipara_wa_Sae:

Nimepita Ilomba mchana huu, pale karibu na saluni nimeona Carina nyeupe imepaki inanukia kama imetoka kliniki. Ni yenyewe?

Mwana_Ilomba:

Carina yangu ni ya kijani!! Na tafadhali wakuu, turudi kwenye mada. Baba mkwe amepiga simu sasa hivi kutoka Tukuyu. Nimepokea kwa heshima zote, nimeamkia, nikajua anasema amefika salama. Anauliza kama zile pampasi zimepatikana, maana hapo stendi ya Tukuyu kuna duka ameziona za watu wazima. Mzee mwenye umri ule! Huyo fundi ameniharibia ukoo mzima!

Jiwe_la_Loleza:

Ndaga fijo, yaani asante sana, baba mkwe. Mkuu, kubali tu, mzee ameshakupenda. Mimi wangu hajui hata jina langu.

Binti_Kihesa:

Watu wa Mbeya mnalialia sana. Fundi kukutania ndiyo uzi? Njooni Iringa muone. Mimi IST yangu nilimwachia fundi wa Ipogolo abadilishe plagi, kazi ya nusu saa. Jumamosi niko Mlandege nanunua nyanya, naona msafara wa harusi unapita, matarumbeta, watu wanashangilia, nami nikashangilia. Gari ya mbele kabisa imefungwa maua na riboni nyekundu. Namba za gari ni ZANGU. Bibi harusi amekaa kwenye kiti changu, na kitambaa changu cha dashibodi kimeondolewa.

Jiwe_la_Loleza:

Haa! Ukafanyaje?

Binti_Kihesa:

Nilikimbilia bodaboda, nikaufuata msafara mpaka ukumbini. Fundi namkuta amevaa suti, ndiye dereva wa maharusi. Ananiona, haogopi hata kidogo, ananikaribisha kwenye chakula! "Dada, nilikuwa naijaribu barabarani baada ya kuweka plagi." Kwenye msafara wa harusi! Nikala pilau kwa uchungu. Na plagi hakuwa amebadilisha.

Mwalimu_Mstaafu:

Hili la Iringa ni kubwa kuliko la pampasi.

Mwana_Ilomba:

Kubwa kivipi, Mwalimu? Yeye alilishwa pilau! Mimi nimelishwa nini? Mtu amesimama kwenye ua wangu

Dereva_wa_Kitonga:

@Binti_Kihesa huyo wa Ipogolo ni yule mwenye jino la dhahabu? Alinikodishia trela langu mwenyewe.

Binti_Kihesa:

Huyo huyo!!! Kumbe tuko wengi! Na ile suti aliyovaa siku ile sasa hivi naikumbuka ilivyokuwa, mguu mmoja wa suruali mrefu, mwingine unaonyesha soksi. Najua kabisa fundi cherehani aliyeishona, maana ya kaka yangu ya sendofu ilitoka hivyo hivyo. Kaka alipolalamika akaambiwa, "Tatizo si suruali, ni namna unavyosimama."

Oili_Nzito:

Fundi cherehani ni watu wabaya kuliko mafundi gari wote. Gari ikiharibika unapanda daladala. Nguo ya harusi ikiharibika unaenda na nini?

Mama_Parachichi:

Mimi nasomaga tu siandikagi, ila hapa mmenigusa. Kuna wa hapa Njombe mjini, walioko huku wanamjua, mwenye vyerehani viwili na kimoja hakijawahi kuwa na uzi. Kitenge changu nilimpa kabla ya Krismasi nikavae kwenye ubarikio wa mwanangu. Kila nikienda, "Mama, bado vifungo." Ubarikio umepita. Pasaka imepita. "Mama, bado vifungo."

Mwalimu_Mstaafu:

Vifungo vya kitenge? Mshono gani huo?

Mama_Parachichi:

Ni gauni la zipu, Mwalimu! Halina kifungo hata kimoja!

Oili_Nzito:

Usirudi kwake peke yako, nenda na mwenyekiti wa mtaa. Mimi ndivyo nilivyopata koti langu.

Mama_Parachichi:

Sihitaji mwenyekiti. Jumapili iliyopita nimekiona kitenge changu kanisani, benchi la mbele, amekivaa mke wake. Na kimemkaa vizuri, ndicho kinachoniuma.